Jibu: Mjamzito kutembea kwenye theluji

Habari ndugu. Umeuliza kama mkeo, mwenye mimba ya miezi 8, aache kabisa kutembea nje kwa sababu ya theluji. Mimi na mke wangu, alipokuwa mjamzito, hatukuacha. Angalia viatu kwanza: soli ya mpira laini yenye meno makubwa, maana tumbo likishakua mizani ya mwili hubadilika. Apige hatua fupi, akanyage kwa unyayo mzima, mikono isiwe mifukoni. Wangu alinishika kiwiko, mizigo yote nikabeba mimi. Barafu nyembamba isiyoonekana ndiyo mbaya zaidi, hasa alfajiri, kwa hiyo tokeni mchana. Akianguka, hata bila maumivu, mpigieni mkunga papo hapo. Akitokwa damu au maji, au mtoto akipunguza kucheza, hospitali moja kwa moja.