Tulifanya mazoezi yale yale, mwenzangu akaniacha: jibu langu kuhusu kipaji na juhudi

Mkuu, umeuliza kipi kinambeba mtu zaidi, kipaji au juhudi, na umeeleza kwamba mdogo wako wa miaka 14 anataka kuacha riadha kwa sababu kocha wake kamwambia hana kipaji. Mimi nimekimbia mita 800 kwa miaka sita, kisha nikafundisha watoto kukimbia kwa miaka kumi na mmoja. Swali lako nimelala nalo na kuamka nalo muda mrefu, kwa hiyo univumilie nikiandika kwa urefu.

Nianze na yaliyonipata. Nilikuwa nimeshafanya mazoezi kwa miaka minne alipojiunga nasi kijana wa rika langu, katoka kwenye mpira wa miguu, hajawahi kupimwa kwa saa hata siku moja. Alipopimwa mara ya kwanza alimaliza mita 800 kwa dakika 2 na sekunde 11. Mimi wakati huo nilikuwa nakimbia 2:03. Tukapangwa pamoja: kocha mmoja, ratiba moja, mizunguko ile ile, mapumziko yale yale. Kama kuna aliyekuwa akichelewa kufika uwanjani, ni yeye. Baada ya miezi mitano tukawa tunamaliza bega kwa bega. Baada ya miezi 14 akakimbia 1:52, na mimi, baada ya kujikamua kwa kila nilichokuwa nacho, nilikuwa nimefika 2:01. Kwa asiyejua mbio hizi, tofauti ya sekunde tisa maana yake yeye anavuka mstari mimi nikiwa nyuma kama mita 60.

Nilifanya nilichofunzwa tangu utotoni, kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nikaanza kukimbia alfajiri peke yangu, bila kumwambia kocha, halafu jioni nafanya ratiba ya timu kama kawaida. Wiki ya tisa mfupa wa muundi wa kushoto ukapata ufa. Nikakaa nje miezi minne, na niliporudi nilikimbia msimu mmoja wa mwisho bila kushuka chini ya 2:01.

Kushindwa kwenyewe nilikubali. Kilichoniumiza ni watu waliosema sikujituma vya kutosha, watu ambao hawakuniona nikitapika kando ya uwanja baada ya mzunguko wa mwisho. Ndiyo maana siwezi kunyamaza nikisoma mtu anaandika kwamba kila aliyekwama ni mvivu. Mbona lugha yetu yenyewe haikusema hivyo? Wazee waliotuachia methali ya mvunguni ndio hao hao waliotuachia jitihada haiondoi kudura, na hawakuona haja ya kuifuta moja ili nyingine ibaki.

Miaka mingi baadaye nilisoma utafiti wa HERITAGE uliosimamiwa na Claude Bouchard, na ndipo nilipouelewa mwili wangu. Walichukuliwa watu takriban 480 wa familia 98 ambao hawakuwa na desturi ya mazoezi. Wakaendeshwa baiskeli za mazoezi mara tatu kwa wiki kwa wiki 20, kila mmoja kwa ukali unaolingana na uwezo wake. Kisha wakapimwa kiasi cha oksijeni ambacho mwili unaweza kutumia kwa dakika. Kwa wastani waliongezeka mililita 400 hivi. Lakini ndani ya wastani huo kulikuwa na watu ambao hawakuongezeka karibu chochote, na wengine waliopanda zaidi ya lita nzima, kwa jasho lile lile! Na ndugu wa familia moja walielekea kufanana katika kuitikia mazoezi. Watafiti walikadiria kwamba karibu nusu ya tofauti ile ilifuata familia.

Kuna jambo jingine ndani ya utafiti huo ambalo watu hulipita haraka, nami ndilo ninaloliona kubwa kuliko yote. Kiwango ambacho mtu alianza nacho hakikusema karibu lolote kuhusu atakavyopanda. Aliyeanza chini angeweza kupaa, na aliyeanza juu angeweza kubaki palepale. Mwenzangu alianza na 2:11, yaani nyuma yangu kwa sekunde nane, na siku ile hakuna mtu pale uwanjani, kocha akiwemo, aliyesema huyu ana kipaji.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Kipaji, angalau kwenye mbio, ni kiasi ambacho kazi inamzalia mtu. Hakionekani kabla ya kazi, kwa sababu hakijapata cha kuzidisha. Ndiyo maana kuuliza kipi ni kikubwa kati ya hivyo viwili kunanipa shida: asiyefanya kazi hajui ana kipaji kiasi gani, na aliyefanya kazi sana naye hafiki sawa na kila aliyefanya kazi sana.

Mfano ambao huwa nawapa wanafunzi wangu ni fainali ya kuruka juu kwenye mashindano ya dunia ya Osaka, mwaka 2007. Alikuwepo Stefan Holm wa Sweden, bingwa wa Olimpiki wa 2004, mtu aliyekuwa akiruka tangu utotoni. Alikuwepo pia Donald Thomas wa Bahamas, mcheza kikapu aliyeanza kuruka juu mwaka 2006 tu. Thomas alishinda kwa mita 2.35. Holm akawa wa nne kwa 2.33. Wengi huishia hapo na kusema basi, kipaji kimeshinda. Lakini mtazameni Holm vizuri: ana kimo cha mita 1.81, kifupi kwa mrukaji wa kiwango hicho, na mwaka 2005 aliruka 2.40 ndani ya ukumbi. Ni sentimita 59 juu ya kichwa chake mwenyewe. Mimi siwezi kumwambia mtu huyo kwamba miaka yake ilipotea. Pia siwezi kumwambia kijana mwingine mwenye kimo kile kwamba akifanya kama Holm atakuwa Holm.

Kuhusu zile saa 10,000 za mazoezi zinazodaiwa kumfanya mtu yeyote bingwa, ambazo mmoja wa waliotangulia kukujibu amezitaja kama sheria, hazijawahi kuwa sheria. Zilitokana na utafiti wa Anders Ericsson na wenzake wa mwaka 1993 juu ya wapiga fidla wa Berlin. Ulikuwa wastani wa saa ambazo wale bora walikadiriwa kuwa wamefanya mazoezi hadi kufika miaka 20, na kama nusu yao walikuwa bado hawajazifikisha. Ericsson mwenyewe alitilia mkazo aina ya mazoezi: uwe na kosa mahususi unalolirekebisha, uwe na mtu wa kukuonyesha, urudie hadi liishe. Mwaka 2014 Brooke Macnamara na wenzake walijumlisha tafiti 88 wakaona mazoezi ya namna hiyo yanaeleza asilimia 26 ya tofauti za uwezo kwenye michezo kama sataranji, 21 kwenye muziki na 18 kwenye michezo ya viungo. Tahadhari hapo: asilimia zilizobaki si za kipaji peke yake. Ndani yake kuna umri wa kuanza, mwalimu, afya, usingizi, majeraha na bahati.

Sasa nije kwa watoto, maana hapa ndipo nina deni. Mwaka wangu wa tatu wa kufundisha nilikuwa na mvulana wa miaka 13, mdogo wa umbo, kila mbio anamaliza wa mwisho au wa pili kutoka mwisho. Kwenye daftari langu niliandika "hana kasi", na kuanzia siku hiyo, bila kukusudia, nikaacha kumrekebisha. Makosa ya wengine niliyaona; yake niliyaacha yapite. Yeye aliendelea kuja. Akiwa na miaka 15 na nusu mwili ukabadilika, miguu ikarefuka, na ndani ya msimu mmoja akawapita karibu wote waliokuwa wakimwacha. Ila alikimbia huku mkono wa kulia unakata mbele ya kifua, kosa ambalo ningelinyoosha kwa wiki chache akiwa na miaka 13, na lilitusumbua miaka miwili kuliondoa. Ile karatasi ninayo hadi leo.

Tangu wakati ule naangalia tarehe ya kuzaliwa kabla sijaangalia saa. Miaka ya 1980 watafiti wa Canada, Roger Barnsley akiwa mmojawapo, walionyesha kwamba wachezaji wa mpira wa magongo wa barafuni waliochaguliwa kwenye timu za juu walikuwa kwa wingi wamezaliwa miezi ya kwanza ya mwaka, kwa kuwa makundi ya umri yalikatwa tarehe 31 Desemba. Wa Januari alikuwa anashindana na wa Desemba, karibu mwaka mzima kati yao, na utotoni mwaka mmoja ni mkubwa sana. Aliyekomaa mapema anaitwa mwenye kipaji, anapewa kocha bora na mechi zaidi, halafu baada ya miaka mitano kweli anakuwa bora. Ongeza na balehe, ambayo kwa watoto wa umri mmoja inaweza kupishana miaka kadhaa.

Kwa hiyo kuhusu mdogo wako, kocha wake hawezi kujua bado. Huenda yuko sahihi, lakini kwa miaka 14 hana alichokitumia kupima. Mimi ningefanya hivi: kwa wiki 16 mdogo wako aandike kila zoezi, muda wake, alivyolala na anapoumwa. Apimwe mwanzoni na mwishoni, uwanja ule ule. Alinganishwe na yeye mwenyewe wa wiki ya kwanza, asilinganishwe na mwenzake. Apimwe pia kwenye mita 200 na mita 3000, kwa sababu nimewaona watoto wakihukumiwa kwenye umbali ambao haukuwa wao. Na umuulize, mkiwa wawili tu, kama anapenda kukimbia kwenyewe, hata pasipo medali. Akisema hapana, mwache aende akatafute kingine na msimwite mvivu.

Akisema ndiyo, niletee hapa mwezi aliozaliwa, kimo chake cha mwaka jana na cha sasa, na ratiba anayopewa. Nitaipitia mstari kwa mstari.