Mdogo wako hahitaji kompyuta maalum: ninavyoingia mtandaoni bila kuona

Ndugu uliyeuliza kuhusu mdogo wako, nimelisoma swali lako mara mbili. Unasema amepoteza uwezo wa kuona, simu yake imelala kabatini kwa miezi, na kuna mtu amewaambia kwamba ili arudi mtandaoni lazima mnunue kompyuta maalum ya wasioona. Nakujibu kama mtu aliyepita njia hiyo. Presha ya macho ilinimalizia uoni nikiwa na miaka 27, na jibu hili nimeliandika mwenyewe kwa kibodi ya kawaida, huku nikisikiliza kila neno.

Msinunue chochote kwanza. Itoeni simu kabatini.

Simu janja nyingi zinakuja na kisoma skrini ndani yake, yaani programu inayotamka kwa sauti kilichopo kwenye kioo na kubadilisha namna kioo kinavyopokea vidole. Kwenye iPhone inaitwa VoiceOver, na imekuwemo tangu mwaka 2009. Kwenye Android inaitwa TalkBack, nayo ilianza mwaka huohuo. Inapatikana kwenye mipangilio, sehemu ya ufikivu (Accessibility), na hailipiwi.

Kabla hujaiwasha, jua namna ya kuizima. Wenye macho wengi huiwasha, wakagusa kioo, wakaona simu haifuati amri, wakadhani imeharibika. Haijaharibika. Kisoma skrini kikiwa kinafanya kazi, mguso mmoja unataja tu kilicho chini ya kidole. Ili kukifungua unagonga mara mbili haraka, popote kwenye kioo. Kutelezesha kidole kulia kunakupeleka kwenye kitu kinachofuata, na kushoto kunakurudisha nyuma. Kwenye simu nyingi za Android, ukibonyeza vitufe vyote viwili vya sauti pamoja kwa sekunde kama tatu, TalkBack inawaka au inazimika. Kwenye iPhone unaweza kumwambia Siri, msaidizi wa sauti wa simu hiyo, aiwashe au aizime VoiceOver.

Jambo la pili, angalia lugha ya sauti kabla ya yote. Mimi wiki ya kwanza nilisomewa ujumbe wa Kiswahili na sauti ya Kiingereza. "Pole" ikawa "poul", "wake" ikawa "weik", na nikaamini kwamba sikio langu ndilo zito. Sauti ya Kiswahili ipo. Kwenye Android iko katika mipangilio ya kugeuza maandishi kuwa matamshi, na huenda ukahitaji kuipakua. Mwekee hiyo, ipunguze kasi, kisha mwachie aongeze mwenyewe kadiri siku zinavyokwenda. Sikio linazoea kuliko mtu anavyotarajia. Leo nasikiliza kwa kasi ambayo aliyekaa kando yangu hashiki hata neno.

Sasa nikuombe kitu, na ninakiomba kwa moyo wote. Simu ibaki mkononi mwake. Siku yangu ya kwanza nilitumia karibu saa nzima kutuma ujumbe wa maneno manne. Kaka yangu alikuwa pembeni, na kila nilipokosea aliichukua simu ili anisaidie. Nia yake ilikuwa njema kabisa. Lakini iliporudi mikononi mwangu, kiteuzi, yaani alama ya mahali kisoma skrini kilipofika, kilikuwa kimehama, sikujua tena niko sehemu gani ya kioo, na ilinibidi nianze upya kuhesabu kutoka juu. Msaada ulionifaa ni pale alipoanza kuniambia kwa maneno: "Kitufe cha kutuma kiko chini kulia, umekipita kimoja." Hapo nikaanza kuwa na ramani ya kioo kichwani.

Akishaweza kupiga simu na kutuma ujumbe, kazi inayobaki ni kusoma kurasa za intaneti. Hapa ndipo wengi wanakata tamaa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Anayeona akifungua ukurasa, jicho linaruka lenyewe hadi kwenye habari. Msikilizaji analetewa ukurasa kwa mstari mmoja mrefu: menyu, tangazo, kiungo, kiungo, kiungo, sanduku la kutafutia, tangazo tena. Mimi kwa miezi nilikuwa nasikiliza kila ukurasa tangu juu, kama asikilizaye redio, na nilichoka kabla sijafika kwenye kile nilichokitafuta. Aliyenitoa hapo ni mwenzangu asiyeona aliyeniambia: usiusome ukurasa, uruke. Kwenye kompyuta, kisoma skrini ninachotumia kinanipa herufi za kurukia. H inanipeleka kwenye kichwa cha habari kinachofuata, K kwenye kiungo, B kwenye kitufe, E kwenye sehemu ya kuandikia, T kwenye jedwali. Namba 1 hadi 6 zinaruka kulingana na ngazi ya kichwa cha habari. Kwenye habari ndefu nabonyeza H mara mbili tatu na nimefika. Siku nilipolielewa hili niliifungua tovuti niliyokuwa nimeikimbia, na nikapata nilichotaka kabla chai haijapoa.

Simu nayo ina njia hiyo. Kwenye iPhone unaweka vidole viwili juu ya kioo na kuvizungusha kama unayefungua kifuniko cha chupa, unachagua "vichwa vya habari", kisha unatelezesha kidole juu au chini kuruka kutoka kimoja hadi kingine. TalkBack pia ina vidhibiti vya kusoma vinavyokuwezesha kuchagua kuruka kwa herufi, neno, kiungo au kichwa cha habari. Mfundishe hili mapema, asingoje miezi kama mimi.

Kuhusu kompyuta: ile mliyo nayo inatosha. Windows ina kisoma skrini chake, Narrator, inayowashwa kwa kubonyeza Ctrl, kitufe cha Windows na Enter kwa pamoja. Mac ina VoiceOver yake tangu mwaka 2005. Watumiaji wengi wa Windows tunapakua NVDA, ambayo ni ya bure. Ilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, akashirikiana na James Teh, na wote wawili hawaoni. Waliokerwa na tatizo ndio walioitengeneza, na nadhani ndiyo sababu imekaa vizuri mikononi mwetu. Unaweza hata kuiweka kwenye flashi na kuitumia kwenye kompyuta ya mtu mwingine. JAWS nayo ni nzuri na ni ya zamani zaidi, lakini inalipiwa. Kwa anayeanza sioni sababu ya kuanzia huko, isipokuwa kama kazini au chuoni ndiyo inayotumika.

Kipanya kiwekeni pembeni, kila kitu kinafanyika kwa kibodi. Mwonyeshe vinundu vidogo vilivyo kwenye herufi F na J. Vidole vya shahada vikae hapo, na herufi nyingine zote zinapatikana kwa kupimia kutoka pale. Kwenye NVDA, akibonyeza Insert na 1, kila kitufe atakachogusa kitatajwa jina bila kufanya kazi yoyote. Mimi nilijifunza kibodi nzima kwa njia hiyo, usiku, bila kumsumbua mtu.

Mtego mmoja umewachanganya karibu wote ninaowafahamu: NVDA ina hali ya kusoma na hali ya kuandika. Ukiwa kwenye hali ya kusoma na kuanza kuandika jina kwenye fomu, herufi zinakuwa amri na kiteuzi kinarukaruka. Insert na kitufe cha nafasi inabadilisha kutoka hali moja hadi nyingine, na kila hali ina mlio wake. Aizoee masikioni hiyo milio miwili.

Sitakuficha: zipo siku atakwama na kosa lisiwe lake. Kuna huduma moja ya malipo ambayo ukurasa wake uliniambia "kitufe, kitufe, kitufe", bila jina hata moja. Nilibonyeza kwa kubahatisha na kufuta ombi nililokuwa nimelijaza kwa nusu saa. Iliniuma sana, kwa sababu kuandika jina la kitufe ni kazi ya dakika chache kwa mtengenezaji. Mwongozo wa kimataifa wa kutengeneza kurasa zinazofikika, WCAG, ulitolewa mara ya kwanza mwaka 1999, na toleo la 2.2 limetoka mwaka 2023. Unasema wazi kwamba picha ziwe na maelezo ya maandishi, vitufe viwe na majina, na kila kitu kifikike kwa kibodi. Kwa hiyo akikwama, mwandikieni mwenye tovuti, mtaje ukurasa na kitufe. Mimi nimeandika mara nyingi, na baadhi walirekebisha. Kwa sasa, VoiceOver na TalkBack zote zinaruhusu ukipe jina mwenyewe kitufe kisichokuwa nalo: mtu mwenye macho anakusomea mara moja, unakiita "Lipa", na kwenye programu nyingi jina hilo linabaki.

Akikutana na hati iliyopigwa picha, kisoma skrini kitanyamaza. Kwenye Windows 10 na 11, Insert na R ndani ya NVDA inayasoma maandishi yaliyomo kwenye picha. Kwa karatasi za mkononi kuna Seeing AI na Lookout, zinazosoma kupitia kamera ya simu. Be My Eyes inamuunganisha kwa video na mtu wa kujitolea anayeona. Mimi huitumia kwa vitu vidogo, lakini kamwe si kwa karatasi zenye namba za siri.

Kama amebaki na uoni kidogo, ajaribu kwanza kikuzaji: kwenye Windows ni kitufe cha Windows pamoja na alama ya kujumlisha. Na kama anajua nukta nundu (Braille, maandishi yanayosomwa kwa vidole), anaweza kuandika kwa nukta moja kwa moja kwenye kioo cha simu. Vifaa vinavyotoa nukta chini ya vidole ni vizuri mno, ila ni ghali, na vinaweza kusubiri.

Umeuliza mwishoni kama umfungulie wewe barua pepe, uwe unamsomea. Hapana. Keti naye, akwame mwenyewe kwenye fomu. Likija lile fumbo la kuchagua picha ili kuthibitisha kwamba yeye si roboti, mwambie atafute kitufe cha fumbo la sauti. Nywila aichague yeye na aiandike yeye, akiwa amevaa spika za masikioni ili herufi zisisikike chumbani. Kwenye iPhone, kugonga mara tatu kwa vidole vitatu kunazima kioo huku simu ikiendelea kuongea, kwa hiyo hata aliyekaa nyuma yake haoni kitu. Mwonyeshe hilo siku hiyohiyo. Barua zake azisome peke yake.