Ametoka Gerezani, Anataka Kuandika: Aanzie Wapi?

Juzi dada mmoja kaniandikia. Mdogo wake ametoka gerezani, ameacha unga, yaani heroini, na sasa anataka kuandika maisha yake. Anauliza aanzie wapi.

Mimi sikuanza na maisha yangu, nilianza na barua za wenzangu. Arosto, yale maumivu ya kuacha unga, iliniishia sakafuni mwa seli. Siku zile sina la kuzisimulia. Nilipopata nguvu, mfungwa mmoja asiyejua kuandika aliniomba nimwandikie mama yake. Alikuwa mbavu nje. Akaniambia, "Andika nimenenepa." Nikaandika kwa kipande cha penseli nilichokinoa kwenye saruji, na machozi yakanitoka. Neno lile moja lilibeba mapenzi yote ya mwana kwa mama yake. Hapo ndipo nilipoijua kazi yangu.

Kwa hiyo aandike alichokiona, si alichojifunza. Mafunzo kila mtu anayo. Aandike mlio wa funguo za askari saa ya kuhesabiwa, na alivyojisikia akiusikia. Mwaka 1986 mwanasaikolojia wa Marekani, James Pennebaker, alichapisha utafiti ambapo watu waliandika machungu yao dakika 15 kwa siku 4 mfululizo. Walioandika tukio pamoja na hisia zake walikwenda kwa daktari mara chache zaidi miezi iliyofuata. Lakini hamu ikipanda katikati ya kuandika habari za unga, aweke kalamu chini ampigie mtu simu.

Wala asisubiri kompyuta. Abdilatif Abdalla, mshairi wa Kenya aliyefungwa kwa siasa kuanzia 1969 hadi 1972, aliandika mashairi yake kwenye karatasi za chooni.

Makala yangu ya kwanza kulipwa nilimpelekea kaka yangu. Hakuisoma. Mpaka leo nikiingia kwake, simu zinaondolewa mezani. Inaniuma sana, maana ninaishi kwa kalamu hii na watu nisiowajua wananiamini. Basi vijana, msiandike ili msamehewe! Uliyemwibia hana deni la kukusoma. Andika hivyo hivyo, kesho andika tena. Na majina ya watu wengine yaache, hata kama walikukosea.

Dada yangu, kalamu haichukui nafasi ya dawa. Kama mdogo wako yuko kwenye methadoni, dawa ya kumsaidia aliyeacha unga, asiikatishe bila daktari. Na wiki 2 za mwanzo baada ya kutoka mchunge mno. Mwili uliokaa bila unga hauustahimili tena. Kipimo alichokizoea zamani kinaweza kumkata pumzi. Uliza kituo cha afya kama wana naloksoni, dawa ya kumzindua aliyezidiwa. Mkiipata, wote nyumbani mjifunze kuitumia na mjue inakaa wapi, kabla hamjamnunulia daftari.