Jibu: Phoenix ya babu, uanzie wapi
Mkuu, umeuliza uanze na rangi au gia kwa ile baiskeli ya babu, Phoenix, iliyolala stoo, uipande kila siku Tabata hadi Kariakoo. Vyote visubiri. Ifungue kwanza. Toa gololi za habu (kitovu cha gurudumu) na za kranki (mikono ya pedali), zioshe kwa mafuta ya taa, kisha ziviringishe moja moja kiganjani. Ukiona hata moja ina kidoa, tupa seti nzima, gololi ni bei ya chai tu. Pini za kranki zikigoma kutoka, egemeza kranki juu ya kipande cha bomba ndipo ugonge. Mimi niligonga bila kuegemeza, nikapinda ekseli.

Tairi: soma ubavuni. Za zamani ni 28 x 1½, ringi yake kipenyo milimita 635. Dukani watakupa "namba 28" ya baiskeli za kisasa. Hiyo ni 622, haiingii hata ukilia.

Gia achana nazo. Hesabu meno ya sproketi ya nyuma, ile inayovutwa na mnyororo. Kama ni 18, funga 20 au 22, kilima utakipanda umekaa. Breki za vyuma kwenye ringi ya kromu zikilowa hazishiki, kwa hiyo siku za mvua kamata mapema. Rangi? Ningeiacha na michubuko yake, wezi hawaitazami mara mbili.