Anza na nyundo ya mti, randa isubiri

Vijana wanaotaka kujitengenezea zana za useremala karibu wote huniuliza kwanza habari za randa, ile zana ya kulainishia mbao. Nawaelewa, randa inapendeza. Lakini kwa anayeanza, hiyo iwe ya mwisho kabisa. Mdomo wake, yaani upenyo anakochomozea kisu, ukiwa mpana mno, mbao inachanika badala ya kulainika. Kisu kisipolala vizuri mahali pake, kinatetemeka na kuacha mawimbi. Anza na zana zisizokata: nyundo ya mti, skwea ya kupimia pembe mraba, geji ya kuchorea mistari sambamba na ukingo, mipini ya patasi. Vyenye makali nunua, hata vya mtumba. Msumeno mmoja, patasi ya nusu inchi na jiwe la kunolea vinatosha kukutoa.

Nyundo ya mti itangulie kwa sababu ukigonga patasi kwa nyundo ya chuma, mpini hauchelewi kupasuka. Tafuta kipande cha mkwaju kisicho na fundo wala ufa, urefu kama sentimita 15, kimo 10, unene 7. Mpini wa mpera unafaa sana, maana ni mgumu na haukatiki ovyo.

Kazi yenyewe iko kwenye tundu la mpini. Lisiwe sawa juu na chini: upande wa chini liwe na upana wa milimita 35, upande wa juu 40. Mpini nao uuchonge hivyo hivyo, mnene kichwani, kisha uupitishe kutokea juu mpaka ukwame. Hapo huhitaji gundi wala msumari, kwa kuwa kila ukipiga, kichwa kinajivuta kuelekea kwenye unene na kuzidi kukaza. Toboa kutoka pande zote mbili, matundu yakutane katikati. Ukitoboa upande mmoja tu, patasi itabandua vipande inapotokea ng'ambo. Nyuso za kupigia nazo zikate mshazari kidogo, mistari yake ikielekea pale kiwiko chako kitakapokuwa. Ukiziacha wima kabisa, nyundo itatua kwa ukingo badala ya uso mzima.

Kuhusu mbao, muuzaji atakuapia kwamba imekauka kwa sababu imekaa juani wiki mbili. Usimsikilize. Ncha zinakauka kabla ya kiini, ndipo nyufa zinapoanza. Mimi hupenda kitanda chakavu cha mninga: mbao yake imeshakaa ndani ya nyumba miaka mingi, na mninga hata ukiwa mpya haupindipindi sana. Hiyo ndiyo ya skwea na geji.

Skwea ni vibao viwili tu, kimoja kinene na kingine chembamba, lakini isipokuwa sawa itakuharibia kila utakachokipima. Kuijaribu, chukua ubao wenye ukingo ulionyooka, uegemeze skwea, uchore mstari kwa kisu. Igeuze itazame upande wa pili, uchore tena kuanzia pale pale. Mistari ikilaliana, umepata. Ikiachana, kumbuka kwamba nafasi unayoiona ni mara mbili ya kosa lenyewe, kwa hiyo usikwangue kwa pupa.

Geji haina maneno mengi: fimbo, kibao kinachoteleza juu yake, kabari ya kukikaza, na msumari. Huo msumari unoe kwa tupa uwe bapa kama kisu, usiuache na ncha ya mviringo, la sivyo utakwaruza nyuzi za mbao badala ya kuzikata.

Wapo watakaokuambia uchonge patasi kutokana na tupa kuukuu. Inawezekana, ila tupa ni chuma kigumu kinachovunjika ghafla, na kipande kikirukia jicho hakuna fidia. Lazima kwanza kipashwe moto taratibu, yapata nyuzijoto 200 za Selsiasi na zaidi kidogo, mpaka kigeuke rangi ya majani makavu, ndipo ugumu upungue. Kama hujawahi, mpelekee mhunzi kipande cha springi ya gari; hiyo anaijua tangu utoto.

Siku ya randa ikifika, usihangaike kuchimba gogo zima. Lipasue vipande vitatu kwa urefu, cha kati ukikate mshazari wa digrii 45 kupata kitanda cha kisu, kisha uvigundishe upya ukiacha nafasi ya mdomo. Unaponyoosha tako la randa, yaani uso wake wa chini, bandika msasa juu ya kioo na usugue kisu kikiwa ndani, kabari imekazwa, makali yamerudishwa nyuma yasiguse msasa. Kabari husukuma mwili wa randa. Ukiunyoosha bila hiyo, siku ya kazi utaukuta umebadilika.