Wadogo zangu wa stereogramu, someni hii kabla hamjabonyeza Enter

Jamani nyie mliokuja fildi, na nyie mnaojifunza wenyewe nyumbani usiku bando la bei rahisi likianza, nawapenda ila mnanichosha. Naletewa stereogramu, ile picha imejaa vidoti ambayo ukilegeza macho umbo lililofichwa linatokeza, mtu kaikodolea mpaka machozi yanamtoka, ananiuliza "kaka mbona halitokei?" Nikiangalia komandi aliyoandika nakuta kosa lilelile la waliomtangulia, na la waliowatangulia hao, na kuna mengine nadhani niliyaasisi mimi. Sasa naandika mara moja, ukiniuliza tena nakutumia hii halafu naendelea na chai yangu.

Sielezi stereogramu zaidi ya hapo, sielezi kufungua terminali, lile dirisha la kuandikia komandi. Komandi zenyewe ni za ImageMagick, programu ya kuhariri picha kwa kuandika. Twende.

1. Picha ya kawaida sio ramani ya kina, yaani ile picha ya kijivu inayoiambia programu kila sehemu iko karibu au mbali kiasi gani. Hili ndo linaloongoza. Mtu anachukua picha ya mchumba wake kapiga Coco Beach, anaipitisha `-colorspace Gray` iwe ya kijivu, anailisha kwenye programu ya kutengeneza stereogramu, anakaa kusubiri mchumba atokeze. Kinachotokeza ni meno. Programu haina habari kwamba pale kuna sura ya mtu, yenyewe inajua nyeupe iko karibu nyeusi iko mbali, basi, kwa hiyo meno yanakuja mbele, weupe wa macho unakuja mbele, nywele zinadidimia kisogoni, na shati jeupe linampita mwenye shati. Halafu unaniambia algorithimu mbovu. Kina lazima ukitengeneze: chora kwa gradienti (rangi inayofifia taratibu) kwenye GIMP, au jenga umbo kwenye programu za 3D kama Blender au POV-Ray uchukue umbali wa kila pikseli kutoka kwenye kamera. Ndiyo, ni kazi. Mlidhani mimi nashinda hapa nafanya nini?

2. Jua programu yako nyeupe inaiita karibu au mbali. Umbali ukiutoa Blender namba kubwa ni mbali, maana yake ukiugeuza kuwa picha vilivyo mbali ndo vinakuwa vyeupe, kwa hiyo kama programu yako nyeupe ni karibu, piga `-negate` kwanza, nyeupe iwe nyeusi na nyeusi iwe nyeupe.

3. Hifadhi kwa PNG. Sio JPEG, PNG. JPEG inaikata picha vipande vya pikseli 8 kwa 8 halafu inatupa vile vitu vidogovidogo ambavyo jicho la kawaida halioni vikitoweka, na stereogramu ya vidoti ni vitu vidogovidogo vitupu. Na ukinitumia WhatsApp tuma kama dokumenti, ukituma kama picha inapunguzwa ukubwa na inabanwa njiani, tukianza kubishana hapo tutapoteza siku.

4. Vipimo. Hapa kaeni vizuri, maana hili nimelipa.

Rafiki yangu niliyesoma naye alikuwa anaoa, kamati ya harusi ikakaa, mimi na mdomo wangu nikasema bango la ukumbini niachieni. Sio bango la maua na majina kama ya watu wote, hapana, bango la vidoti, wageni wakilitazama vizuri wanaona moyo mkubwa umetokeza mbele na herufi za maharusi katikati. Kamati ikacheka, ikapenda, ikapitisha hela. Nikaenda nyumbani nikatengeneza kwa mbwembwe zote, upana pikseli 1920, mkanda wa kujirudia (kile kipande cha vidoti kinachorudiwa kutoka kushoto mpaka kulia) pikseli 120, rangi za sare ya harusi. Kwenye laptop moyo ulikuwa unatoka kama unataka kukudondokea mapajani. Nikamwita jirani akauona, nikamwita mdogo wake naye akauona, nikajiona mimi ndo mimi. Faili nikapeleka kwa mtu wa kuprinti nikamwambia nataka mita 3 kwa 2, akalivuta likaenea, akaniprintia safi kabisa, yeye hana kosa hata chembe.

Siku yenyewe MC akachukua kipaza sauti akawatangazia wageni kwamba kuna siri kwenye bango, atakayeiona wa kwanza ana zawadi. Ukumbi mzima ukageuka. Watu wazima, wamevaa wamependeza, wakaanza kulikodolea bango macho. Wengine wakainamisha vichwa upande. Wengine wakasimama. Hamna kitu. Mimi nimesimama pembeni nawaelekeza kwa mikono, rudini nyuma kidogo, legezeni macho, tazameni kama kitu kipo ng'ambo ya bango, na watu wa Mungu wakarudi nyuma kweli, wengine walifika mpaka karibu na mlango wa jikoni. Hamna kitu. Mama wa bwana harusi akanisogelea akaniuliza taratibu tu, kwa upole ambao mpaka leo unaniuma kuliko angenitukana, "mwanangu, hii ndo ile hela ya kamati?"

Halafu mjomba wa bibi harusi, mzee mmoja kakaa meza ya mbele kabisa, alikuwa ameunyoosha mkono kanyanyua kidole anakitazama chenyewe huku bango likiwa nyuma yake, mimi nikajua mzee kachoka. Ghafla akapaza sauti: "Nimeona! Shimo! Naona shimo, limekaa kama moyo!" Harusini. Shimo. Mashangazi wakaangaliana. MC akampa mzee zawadi yake na DJ, Mungu ambariki, akawasha muziki.

Sasa sikilizeni kilichotokea, maana mzee alikuwa sahihi asilimia mia. Pikseli 1920 gawa kwa 120 ni mikanda 16. Kwenye skrini ya laptop yangu yenye upana wa kama sm 34, mkanda mmoja ulikuwa kama sm 2, macho yanaulegezea bila shida. Kwenye bango la mita 3, mikanda ileile 16, kila mmoja ukawa karibu sm 19. Macho ya mtu mzima yameachana kama sm 6 na kitu kidogo. Ili uone kwa kulegeza, jicho la kushoto linatazama mkanda huu na la kulia linatazama wa pili yake, mistari ya macho inakutana nyuma ya karatasi, kwa hiyo mkanda ukiwa mpana kuliko nafasi ya macho, macho yangetakiwa yapanuke kila moja lielekee upande wake kama ya kinyonga. Binadamu hafanyi hivyo. Na kurudi nyuma hakusaidii kabisa, hata ungetokea dirishani ukatazamia barabarani, kwa sababu kinachopimwa hapo ni sentimita za kwenye karatasi dhidi ya sentimita za kwenye uso wako, umbali haumo. Niliwatembeza watu ukumbini bure. Mjomba yeye alivuka macho kwa kutumia kidole, yaani mistari ya macho yake ilipishana mbele ya bango, na kuvuka hakuna kikomo hicho, ila ukivuka kina kinageuka, cha mbele kinakuwa cha nyuma, moyo unakuwa shimo.

Kwa hiyo anzeni na milimita, pikseli baadaye. Mkanda wa nyuma kabisa, ule wa usuli, ndo mpana kuliko wote (kinachokuja mbele mkanda wake unakuwa mwembamba), huo ukiprinti usizidi sm 5, na kwa kazi ya watoto shusha mpaka sm 3 na nusu au 4 maana macho yao yako karibu zaidi. Milimita zidisha kwa DPI (pikseli kwa kila inchi) gawa kwa 25.4, ndo pikseli zako. Lile bango langu lilitaka mikanda 60, sio 16. Nampigia hesabu huyo rafiki yangu kila anniversari, kashanisamehe, mama yake sina uhakika.

5. Ukishatoa picha usiibadilishe ukubwa. Ukilazimika, `-filter point` (inarudia pikseli bila kuzilainisha) na mara kamili, mara 2, mara 3, sio asilimia 137 kama yule aliyeniambia "nimeongeza kidogo tu iingie kwenye fremu."

6. Ngazi. Mnaletaleta ramani za kina zimelainika vizuri, rangi za kijivu 256, halafu sura inatoka imekatikakatika kama mtu kachongwa kwa panga, mnashangaa. Rangi 256 sio kina 256. Ile fomula ya upana wa mkanda ya watafiti Thimbleby, Inglis na Witten ya 1994 ambayo programu nyingi zimeifuata, ukiweka macho inchi 2.5, DPI 72 na ule uwiano wao wa kina wa 1/3, mkanda wa mbali kabisa ni pikseli 90 na wa karibu kabisa ni 72. Hesabu mwenyewe, ni hatua 19 tu za kina, zile rangi zako nyingine zote zimeporomoka humo. Kwa DPI 300 ni kutoka 375 mpaka 300, hapo unapata hatua 76 na shavu linakuwa shavu. Kwa hiyo DPI kubwa sio mapambo. Na ndo maana pia herufi nyembamba mnazozipenda zinapotea, andika nene, maneno machache, `-blur` kidogo sana kwenye miteremko lakini kingo za vitu ziache kali, ukizilainisha unapata mtelezo usioeleweka badala ya ukingo.

7. Nakshi, yaani mchoro unaojaza mkanda, iwe na fujo. Mtafiti Bela Julesz alipotengeneza vidoti vyake kwa kompyuta pale maabara ya Bell Labs, Marekani, 1959, alionyesha kwamba ubongo unaona kina bila kuona umbo lolote kwa jicho moja, unalinganisha vidoti tu. Kama nakshi yako ni kitenge chenye bonge la bluu tupu katikati, hapo kwenye bluu ubongo unalinganisha nini na nini? Kitenge ni kizuri, natumia sana, ila chagua kilichojaa, au kinyunyizie vidoti vya fujo kwa `+noise` kwanza. Na kitu chako kisiguse ukingo wa picha, acha nafasi ya mkanda mmoja kila upande.

8. Usiamini macho yako, ukishaitazama sana unaona hata kisichokuwepo kwa sababu unajua umeficha nini. Itelezeshe picha juu ya yenyewe kwa upana wa mkanda wa usuli, utoe tofauti:

`convert kazi.png \( +clone -roll +120+0 \) -compose difference -composite kagua.png`

Usuli unakuwa mweusi, kilichofichwa kinajitokeza chenyewe, kimechafuka kidogo ila unakiona. Hiyo 120 weka namba ya mkanda wako, sio yangu, naomba sana. Hii inawasaidia pia wenzetu ambao macho yao hayaungani, wapo wengi, aliyekuwa na makengeza tangu utotoni huenda hataona stereogramu maisha yake yote na sio kwamba hajajitahidi. Msimcheke. Mmoja wa watu bora niliofanya nao kazi hii hajawahi kuona hata moja, anakagua kwa komandi hiyohiyo na makosa yangu anayaona kabla yangu.

Kwa mteja weka nukta mbili juu ya picha zilizoachana upana wa mkanda wa usuli, mwambie alegeze mpaka aone tatu.

9. Kama yote hayo ni mazito anza na programu ndogo ya aa3d, inatoa stereogramu ya herufi tupu humohumo kwenye terminali, hakuna PNG hakuna kuprinti, ukikosea hujamharibia mtu harusi. Mtafiti Christopher Tyler alipotoa ya vidoti ya picha moja, 1979, yeye na mwenzake walitumia kompyuta ya Apple II na lugha ya BASIC, kwa hiyo habari za laptop ndogo sitaki kuzisikia.

10. `mogrify` inaandika juu ya faili lilelile, haiulizi, hairudishi. Tumia `convert` utoe faili jipya. Aliyeipiga kwenye folda nzima ya kazi za wateja juzi anajijua, nakala zipo kwenye diski ya nje, droo ya pili, chukua kabla bosi hajafika na urudishe funguo ulipoikuta.