Kumuaga Mwalimu wa Kujitolea: Msingoje Siku ya Mwisho

Katika miaka yangu ya kufundisha shule ya kata mkoani Njombe nimeshuhudia kuondoka kwa walimu wawili wa kujitolea, wote Wamarekani waliokuja kupitia Peace Corps, shirika la serikali ya Marekani linalopeleka watu wa kujitolea nchi za nje. Wa kwanza, mwalimu wa hisabati, tulimfanyia sherehe kubwa mwaka 2017. Tulichanga, mbuzi akachinjwa, keki ikakatwa, akavishwa kitenge, na ikasomwa risala iliyomwita mchapakazi, mcheshi na mwenye upendo, sifa ambazo zingemfaa mtu yeyote aliyewahi kuagwa. Wiki iliyofuata niliingia Kidato cha Tatu kushika vipindi vyake bila kujua alikuwa ameishia mada gani, kwa sababu siku zake za mwisho zote zilikwenda kwenye vikao vya kamati ya chakula.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: kuaga kuanze na kazi, na kuanze mapema. Walimu hawa huja kwa miaka miwili baada ya mafunzo ya takriban miezi mitatu, hivyo tarehe ya kuondoka hujulikana tangu mwanzo. Muhula mmoja kabla ya tarehe hiyo, mwalimu atakayepokea somo akae naye na azimio la kazi, yaani mpango wa mada za kufundisha, mezani, kisha afundishe baadhi ya vipindi huku mgeni ameketi nyuma ya darasa. Kwa mtu aliyeacha kwao ili aje kufundisha, sidhani kama ipo heshima inayozidi kuona kwamba alichokianzisha kimepata mwenyewe.

Nasisitiza neno mapema kwa sababu ya yaliyompata wa pili, mwalimu wetu wa fizikia. Tarehe 15 Machi 2020, kutokana na ugonjwa wa korona, Peace Corps ilitangaza kuwarudisha nyumbani watu wake wote wa kujitolea, karibu 7,000 katika nchi zaidi ya 60. Dada yule alifunga mizigo kwa usiku mmoja, na alfajiri akapanda Coaster ya kwenda mjini kabla wanafunzi hawajafika mstarini. Siku hizo hizo Serikali ikafunga shule. Hapakuwa na risala, wala kitenge, wala mkono wa kwaheri.

Nilipofungua kabati la maabara baadaye nilikuta boksi la viatu lenye betri za tochi, balbu ndogo na nyaya alizozikata kwa urefu tofauti, na juu ya kila kifurushi karatasi yenye mwandiko wake wa Kiswahili. Moja ilisema: "Betri mbili, balbu moja. Usiunganishe waya huu kabla hawajakisia kitakachotokea." Nilikaa na karatasi ile mkononi kwa muda mrefu.

Wanafunzi nao waambiwe ukweli mapema, kwa tarehe kamili, hasa wale wa vidato vya chini wanaodhani mwalimu akiondoka ni kwa kuwa amechoka nao. Kwenye hafla yenyewe, mama jirani aliyemfundisha kusonga ugali na kumuuguza alipopata malaria akae mbele, pale ambapo kwa mazoea huketi viongozi peke yao. Risala itaje jambo alilolitenda, darasa gani na lini. Isigeuzwe orodha ya maombi ya bati na kompyuta, kwani inamwachia mtu deni siku ambayo ni yake kushukuriwa. Zawadi iwe ya kubebeka: mashirika mengi ya ndege hukomea kilo 23 kwa begi, kwa hiyo kikapu cha milulu au khanga yenye maneno mliyoyachagua kwa makusudi inafaa kuliko kinyago kizito.

Na kama siku ya kuaga imewapita, bado mnaweza kuaga. Shule zilipofunguliwa tarehe 29 Juni, niliwaomba wanafunzi wa Kidato cha Tatu kila mmoja aandike ukurasa mmoja kuhusu kipindi kimoja tu cha fizikia anachokikumbuka, nami nikazipiga picha barua hizo na kumtumia mwalimu wao kwa WhatsApp. Alijibu kila moja kwa jina la mwandishi wake, na kazi hiyo ilimchukua karibu mwezi. Binti mmoja alikuwa ameeleza kanuni ya Ohm akachanganya volti na ampea. Jibu alilopata lilianza kwa shukrani, likaendelea na mchoro wa sakiti uliochorwa kwa kalamu nyekundu, na mwishoni likamtaka arudie hesabu ile na kuituma tena Ijumaa.